Mnyoo Asiyeweza Maji Baridi

Kila Jumatano asubuhi, kabla hajamkamua ng'ombe, Mektrida alichukua jembe akaenda mpaka kwenye mdomo wa mfereji wake, akaondoa majani makavu, akakagua kipande cha mgomba alichokiweka pembeni cha kuzibia, kisha akasimama kusubiri. Jumatano ilikuwa zamu yake ya maji. Mfongo, mfereji mkubwa ambao mababu wa ukoo waliuchimba kutoka msituni, ulipita juu ya vihamba vya Kilema, mashamba ya urithi ya migomba na kahawa, na kila kihamba kilikuwa na tawi lake na siku yake. Tawi la Mektrida lilikuwa na siku, lilikuwa na mdomo, lilikuwa na kipande cha mgomba. Kilichokosekana ni maji tu.

Aristides, mumewe, alipokuwa hai alipanda mwenyewe kwenda kufungua. Alipofariki walimzika pale pale kihambani, kati ya migomba, na kufungua kukawa kazi ya mdogo wake Thadeus, mwenyekiti wa kamati ya mfongo, kwa sababu mila haikumruhusu mwanamke kukanyaga kwenye banio, pale maji yanapofunguliwa. Thadeus alisema anafungua. Alisema hivyo baada ya misa, alisema hivyo kwenye pombe ya mbege, alisema hivyo hata msibani kwa watu. Mektrida aliposema hayo maji hayaoni, aliambiwa ni ukame. Na kweli ulikuwa mwaka wa ukame, ule uliotangulia mvua za El Nino. Ila ukame huo ulikuwa na macho. Ulikausha kihamba cha Mektrida, ukafika kwenye mstari wa mimea ya isale unaoonyesha mpaka, ukaziruka nyasi za Thadeus.

Nyasi hizo lazima zisemwe, maana ndizo zilizomchoma moyo. Bei ya kahawa ilipoanguka, Thadeus aling'oa mibuni yake akajenga gesti ya watalii wanaopanda mlima, yenye bafu la maji moto na uwanja wa nyasi mbele. Nyasi zilimwagiliwa, zikakua, zikakatwa fupi, zikatupwa. Zilitupwa! Wakati huohuo Mektrida aliteremka na kamba na mundu mpaka tambarare za huko Chekereni kumtafutia ng'ombe wake majani, akarudi na mzigo kichwani, shingo imeingia mabegani. Siku moja aliomba apewe yale yaliyokatwa. Thadeus akamwambia yana dawa ya wadudu.

Bahari ilikuja siku ya Jumatano. Haikutoka juu, kwenye mfongo. Ilitoka chini, mwisho wa mfereji, mahali ambapo hakuna kitu zaidi ya migomba ya watu, ikapanda taratibu ikijaza kitako cha mfereji, ikafika karibu na kaburi la Aristides, ikasimama. Ilipokaa vya kutosha ikarudi ilikotoka, ikaacha matope meusi na harufu ya samaki. Jioni ikapanda tena. Mektrida aliitazama akiwa ameshika jembe. Maji yalikuwa maji, na mtu aliyesubiri zamu muda wote huo hachagui upande yanakotokea.

Akayaonja. Yalikuwa na chumvi. Akadhani ni magadi, kwamba kuna mtu ameyamwaga huko, na kwa kuwa magadi ni mali, akateka sufuria moja akapikia kiburu, ndizi na maharage. Magadi hulainisha maharage. Maji yale hayakulainisha kitu. Maharage yalichemka mpaka kuni zikaisha, yakatoka magumu na yenye chumvi, na hapo Mektrida akakubali kwamba ile ni bahari. Ng'ombe ndiye aliyefurahi. Alishinda akilamba kingo za mfereji.

Minyoo walionekana bahari ilipozoea. Walikuwa wadogo, nusu ya kidole cha mwisho, wekundu, na kila mmoja alikuwa na nyumba yake, mrija mwembamba uliosimama kwenye matope. Mektrida alipokanyaga karibu, wote waliingia ndani kwa pamoja. Alipotulia walitoa vichwa. Migomba ya kandokando ya mfereji ilianza kuwa na majani ya njano, kwanza ile ya ndizi mshare anazopikia mtori, na Mektrida akaona kwamba lazima aseme mahali fulani. Kihamba kikifa, na kaburi litakuwa limekaa kwenye jangwa.

Alianzia zahanati, kwa sababu ndiko karibu.

"Nesi, mimi nina minyoo," alimwambia Salvina, muuguzi.

"Unawaona wakati wa choo?"

"Wako mferejini."

"Unawaona mferejini baada ya choo?"

"Salvina, mwanangu, nisikilize. Wako mferejini, wana nyumba zao."

Salvina alisikiliza, na kwa kuwa alikuwa mtumishi mwema alichukua hatua. Aliitisha watu wote wanaokunywa maji ya mfongo ule, akawapanga mstari, kila mmoja akameza vidonge vya minyoo mbele yake. Wazee walimeza, watoto walimeza, wageni wawili wa Thadeus waliokuwa wanasubiri kupanda mlima nao walimeza wakijua ni kinga ya huko juu. Minyoo wa mferejini hawakumeza kitu, wakaendelea vizuri.

Mektrida alipanda gari akaenda Moshi mjini, kwenye ofisi inayoshughulika na maji. Afisa alimsikiliza akichokonoa meno. Alimuuliza kama maji yenyewe ni ya chumvi. Mektrida akasema ndiyo. Afisa akasema basi si ya kwao, wao wana maji ya mito na chemchemi, ila anamfahamu mtu anayesomea mambo ya bahari.

"Mimi sikuja kwa ajili ya hayo ya chumvi," alisema Mektrida. "Nimekuja kwa ajili ya yale mengine, yasiyofika."

"Mama, tatua kwanza yaliyofika," alisema afisa.

Mtu wa bahari alikuja kweli. Aliitwa Evelyn, msichana wa Kibosho aliyesoma Dar es Salaam, mwenye viatu vya mpira na ndoo ya vichupa. Alimwamkia Mektrida shikamoo akikunja magoti kidogo, kama alivyolelewa, kisha akalala kifudifudi kwenye ukingo wa mfereji asiinuke mpaka maji yalipopwa na kujaa tena.

"Mama Jovin, njoo uone," aliita, kwa kuwa Jovin, mtoto wa Mektrida aliyekuwa mpagazi wa mizigo ya watalii huko Marangu, ndiye aliyemwelekeza njia. "Huyu ni bonge la mnyoo, yaani kwa uzuri."

Akamkabidhi kioo cha kukuzia. Mektrida akamwona. Mwili ulikuwa pingili pingili kama muwa, na kila pingili ilikuwa na jozi ya vimiguu bapa, na kwenye kila kimiguu kulikuwa na fungu la nywele ngumu, zimechongoka kama za ufagio wa chelewa. Evelyn alieleza kwamba nywele hizo ndizo anazojishikia ndani ya mrija, na kwamba ule wekundu ni damu inayoonekana kupitia ngozi. Kichwani alikuwa na macho manne na taya mbili zilizofichwa, anazozitoa akitaka kuuma. Pwani mnyoo huyu hujenga nyumba yake kwa mchanga na chenga za makombe, akizigandisha kwa ute wake. Hapa hakukuwa na makombe, kwa hiyo alikuwa ametumia maganda ya kahawa na udongo mwekundu.

"Amejitahidi," alisema Mektrida, ambaye naye alikuwa amejitahidi.

"Anaishi sehemu moja tu," Evelyn aliendelea. "Maji yawe yanapwa na kujaa, matope yawe laini. Na hawezi kabisa maji baridi. Yakipita hata mara moja, wote wanakufa."

Mektrida alimrudishia kioo polepole. "Hayo," alisema, "utayasema mbele za watu?"

Kikao kilikaa kwenye uwanja wa nyasi wa Thadeus, kwa sababu kulikuwa na viti vya plastiki. Thadeus alikifungua kwa sala. Alieleza kwamba shemeji yake anapata zamu yake kila Jumatano kama watu wote, kwamba yeye mwenyewe humfungulia, na kwamba bahari ni mapenzi ya Mungu. Kisha Evelyn akasimama na kichupa chake, akaonyesha nyumba za minyoo, jinsi zilivyopandana, mpya juu ya kuukuu. Akasema minyoo hao wamezaliana pale vizazi kadhaa, na kwa sababu hawawezi maji baridi, ni wazi kwamba mfereji ule haujapitisha maji baridi hata Jumatano moja tangu walipoanza kujenga.

Mzee mmoja alikohoa. Mektrida alikaa wima kwenye kiti cha plastiki, akamtazama shemeji yake usoni kwa mara ya kwanza tangu matanga.

Thadeus alifikiri. "Dada yangu," alimwambia Evelyn, "huku maji yote ni baridi. Yanatoka kwenye barafu. Ukiyaoga asubuhi unaweza kupoteza fahamu. Kama mnyoo anaogopa baridi, angekufa kwa ukungu tu."

"Maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, baba. Ndivyo tunavyoyaita."

"Mnayaita baridi hata yakiwa ya moto?"

"Ndiyo."

"Haya yangu ya bafuni, nayo ni maji baridi?"

"Ndiyo, baba."

Thadeus aliwageukia wanakamati kama mtu aliyemaliza kesi. Wageni humlipa kwa ajili ya maji moto, alisema, sasa msichana huyu anamwambia ni baridi, je, atayaamini ya mnyoo? Kikao kikaingia kwenye suala la baridi na kikakaa humo. Wengine walisema baridi ni ya kugusa. Wengine walisema hata chai ikipoa ni baridi lakini si maji. Aliyesimama kuuliza yale maji ya Jumatano yalikuwa yanaenda wapi aliambiwa asitoke nje ya ajenda, naye akakaa, viatu vyake juu ya nyasi mbichi.

Hatimaye walimwomba Evelyn aseme kwa kifupi nini kifanyike. Evelyn alikuwa mtu mkweli, na kilichokuwa moyoni mwake ni mnyoo. Akasema kiumbe kama yule hajawahi kuonekana mlimani, na wanapaswa kumlinda.

"Kwa kutomwachia maji yasiyo na chumvi," alisema Thadeus.

"Ndiyo."

"Hata ya zamu."

Evelyn akamtazama Mektrida, kisha akatazama kichupa. "Hata ya zamu," alisema.

Ikapitishwa kwa mikono yote isipokuwa mmoja. Kwa kuwa mvua nayo ni maji baridi, kwa maana ile mpya ambayo kila mtu sasa aliielewa vizuri, kamati iliamua kuuezeka mfereji wa Mektrida kwa mabati. Thadeus alijitolea mabati. Alijitolea na gata, na kwa sababu paa lazima liinamie upande fulani, liliinamia upande wake. Mvua zilipokuja, na zilikuja kwa fujo mwaka ule, zile zilizomwangukia Mektrida ziliteleza juu ya bati, zikavuka isale, zikaingia kwenye tangi la gesti.

Jumapili moja, baada ya misa ya pili, Thadeus alikuja na wazee wawili. Mkononi alikuwa na jani la isale lililofungwa fundo. Mektrida alipoliona alipandwa na hasira. Mtu akikuletea isale hukatai. Hata aliyemuua ndugu yako akija nalo, unalipokea, na ukishalipokea lile jambo halisemwi tena.

"Shemeji," alisema Thadeus, na sauti yake ilikuwa ya unyenyekevu wa kweli, "nilikuwa sifungui. Nimekukosea wewe na marehemu kaka. Nisamehe."

Wazee walimtazama Mektrida. Akanyoosha mkono, akalipokea.

"Nimekusamehe," alisema. "Na maji?"

Thadeus alisikitika. "Kosa lilikuwa langu, shemeji. Maji ni ya kamati."

Wazee wakasema amina. Walikaribishwa chai ya maziwa, maana mgeni ni mgeni, wakanywa wakisifu ng'ombe.

Jumatano iliyofuata Mektrida alikwenda kwenye mdomo wa mfereji na jembe lake, akaondoa majani makavu, akakagua kipande cha mgomba. Bahari ilikuwa imeshapanda na imetulia chini ya mabati karibu na kaburi. Alikaa kwenye ukingo. Alikuwa amesamehe, na kwa hiyo hakuwa na pa kwenda kusema, na ndipo alipolia, kwa uchungu na kwa hasira, akiwa ameshika tama. Machozi yalidondokea mferejini, juu ya zile nyumba za maganda ya kahawa. Minyoo hawakujificha. Yalikuwa maji wanayoyaweza.

Alipomaliza alijifuta uso kwa kanga, akachukua kamba na mundu, akateremka kwenda kutafuta majani ya ng'ombe.