Askari Asiye na Kofia

Jumanne ile Ifrah alirudi kutoka shule ameikumbatia dhiil, chombo cha maziwa cha bibi yake, na midomo ameivuta kama ngamia aliyenyimwa kisima. Bibi yake Shamis, ambaye mjukuu humwita Ayeeyo, alikuwa barazani kwao mtaa wa Waberi akichambua mchele. Akaendelea kuchambua. Mtoto aliyebeba neno zito hulitua mwenyewe.

"Ayeeyo, nimeharibu," Ifrah akasema.

Akaeleza. Kila Jumanne darasa lao la gredi ya sita huongea kwa kompyuta na darasa moja la Uskochi, kwenye milima ya kondoo. Leo kila upande ulionyesha kitu kinachosaidia kazi za nyumbani. Ifrah alionyesha dhiil, akasema jinsi inavyofukizwa moshi ili maziwa yasiharibike upesi. Mvulana mmoja, Ewan, alisikiliza mpaka mwisho, tena akauliza moshi huo ni wa mti gani. Kisha ikawa zamu yake. Akainama, akanyanyua mbwa mweusi mwenye shingo nyeupe, akampakata. Mbwa akamramba shavu.

"Darasa zima likapiga kelele, Ayeeyo. Aden akapanda juu ya dawati! Na mimi niliyekuwa mbele kabisa nikaziba pua kwa mtandio, nikasema, 'Astaghfirullah, uchafu gani huo!' Kwa Kiingereza. Alinisikia."

"Akafanyaje?"

"Akatoka kwenye kiti. Mwalimu wao ameandika kwamba Ewan hataki tena kukaa mbele ya kompyuta. Na Jumanne ijayo mimi ndiye wa kufungua kipindi. Asiporudi, ni mimi niliyemfukuza."

Shamis akapuliza makapi. "Kitendawili."

"Wallahi, Ayeeyo, si sasa!"

"Kitendawili."

"Haya, tega."

"Nina askari hana kofia wala bunduki. Yeye hulala nje ili mimi nilale ndani."

Ifrah akajaribu ua wa miiba. Siyo. Akajaribu moto. Siyo. Mwisho akashindwa. "Nakupa mji. Chukua Takaba."

"Takaba! Hata Garissa hukunipa. Haya, nimekwenda Takaba, nimekula nyama ya mbuzi, nimerudi. Askari wangu ni mbwa."

Ifrah akamkodolea macho.

"Nilipokuwa na umri wako, huko nje ya Griftu, nilichunga mbuzi wa baba pamoja na mbwa. Mbweha alikuja mchana kweupe, na mbwa ndiye aliyesimama kati yake na vitoto vya mbuzi. Hakuingia ndani, hakugusa chombo, sikumpakata, maana tuna udhu na swala yetu. Lakini sikumtukana. Adabu haikwambii urambwe, mama. Inakwambia usimwaibishe mwenye mbwa."

"Ayeeyo, wewe ulifuga mbwa? Aden akijua, nitachekwa mpaka gredi ya tisa!"

"Basi chagua. Kicheko cha Aden, au kiti kitupu cha Ewan."

Jumanne iliyofuata Shamis alivaa shali yake nyekundu, ile ya Idi, akaenda shule. Mwalimu Hani alimwekea kiti nyuma ya darasa, akakaa naye kumtafsiria. Kwenye kioo cha kompyuta nyuso za watoto wa Uskochi zilijaa, ila kiti kimoja kilikuwa wazi.

Ifrah akasimama. Akaisogelea kompyuta.

"Kabla ya kuanza, nina neno kwa Ewan, kama ananisikia. Wiki iliyopita nilikukosea. Wewe ulisikiliza habari ya chombo changu, mimi sikusikiliza yako. Samahani. Sasa nina kitendawili cha bibi yangu."

Akakitega. Watoto wa kule wakabahatisha: kufuli! taa! paka! Hakuna aliyepata. Halafu, pembeni mahali kamera haikufika, sauti ikasema polepole:

"Ni mbwa. Mbwa wa mchungaji."

"Umepata," Ifrah akasema. "Bibi yangu alichunga naye mbuzi."

"Ayeeyo wako alifuga mbwa!" Aden akaropoka, na darasa likaanza kucheka.

Ifrah akageuka. "Ndiyo, alifuga. Na hakuna mbuzi hata mmoja aliyeliwa. Wa kwenu je, Aden, mbweha waliwabakishia wangapi?"

Kicheko kikamgeukia Aden, naye mwenyewe akacheka.

Ewan akaja akakaa. Akauliza kama amwache mbwa nje ya mlango, kwa heshima yao.

"Kwetu hakai ndani, kwa sababu ya swala," Ifrah akamjibu. "Lakini hapo ni kwenu. Mlete, tuone anavyofanya kazi."

Mbwa akaingia. Kuna waliorudisha viti nyuma kidogo, lakini hakuna aliyeziba pua. Ewan akaeleza jinsi anavyorudisha kondoo waliopotea kwenye theluji. Kisha akauliza mbwa wa bibi aliitwa nani.

Darasa zima likageuka nyuma. Shamis alikuwa hajalitamka jina lile tangu aolewe. Alisimama, akanyoosha shali yake, akamtazama kwanza mjukuu wake pale mbele, kichwa juu, kama mtu aliyeleta mifugo yote nyumbani salama.

"Orod," akasema kwa sauti ya kuita porini. "Maana yake, kimbia!"

Kule Uskochi, mbwa mweusi akasimamisha masikio.