Kamusi ya Asubuhi

Moto uliposhamiri kwenye kiwanda cha magodoro, kiongozi wa zimamoto alimfuata moja kwa moja yule mwandika programu waliyembandika jina la Profesa. Alikuwa nje ya geti, kompyuta mapajani, mkewe kando yake.

"Profesa, limebaki ghala la nyuma tu hatujalikagua, na paa lake halitadumu. Nani yuko kule?"

Kule alifanya kazi mtu mmoja: mdogo wa mkewe, shemeji waliyemwita Chelewa kwa jinsi alivyopenda shuka.

"Simu yake haipatikani," mkewe akasema, amemng'ang'ania bega. "Iulize hiyo mashine yako, mume wangu. Yumo?"

Programu ya geti alikuwa ameiunda Profesa mwenyewe. Kila anayeingia hugusisha kadi, na namba ya kadi huwa ufunguo kwenye kamusi, yaani orodha ya waliomo, mbele yake jina la mtu. Ukiuliza kama ufunguo fulani umo, hujibiwa kwa neno moja. Akaandika namba ya shemeji yake.

Hapana.

"Hayumo."

"Una uhakika?"

"Programu haina umbea, afande. Hayumo."

Vijana waliokwisha kuvaa vinyago vya kuzuia moshi wakarudishwa. Mkewe akaangua kicheko na machozi yakimtoka, akampigia mama yake. "Mama, uvivu umemwokoa mwanao! Yuko kwake anakoroma!" Umati ukadakia, kila mtu na kisa chake cha Chelewa.

Profesa akacheka nao, macho yakirudi kwenye kioo cha kompyuta. Hapo kicheko kikamkatika. Katika lugha aliyoitumia, kamusi haibadilishwi kamwe. Ukiongeza ufunguo unapewa kamusi mpya, na ile ya zamani inabaki vilevile ilivyokuwa. Waliochelewa walikuwa kwenye kamusi mpya. Yeye alikuwa ameiuliza ile ya asubuhi, ya wakati geti lilipofunguliwa.

Akaiuliza mpya.

Ndiyo.

"Afande!" Alikurupuka, kompyuta ikaanguka. "Afande, yumo! Rudisheni watu!"

Kiongozi aligeuka. Nyuma yake paa la ghala lilishuka lote kwa mpigo, na joto likawasukuma watu hadi ng'ambo ya barabara.

Mke wa Profesa alikuwa ameziba sikio moja, hakusikia alichosema mumewe. "Mkweo huyu hapa, Mama, akwambie mwenyewe." Akamsukumizia simu.

"Mkwe wangu," sauti ya mama ikasema, "Mungu akuzidishie. Bila wewe ningekufa kwa presha leo."

"Mama," akaanza, simu sikioni na macho kwenye ghala lililoporomoka, huku mkewe akimtazama usoni na tabasamu likimfifia taratibu.