Albamu ya Swabrah na Eda ya Mama Yake

Swabrah alikuwa ameweka kompyuta juu ya gunia la mkaa, jikoni kwao Walukuba, mjini Jinja, akiunganisha albamu yake ya kwanza. Mama yake, Sofia, alikuwa akichambua mchele. Haukuwa muziki wa kuchezewa harusini. Chini ulikuwa mvumo mrefu wa mashine, alioukamata kwa simu kwenye ukuta wa kiwanda cha nguo. Juu yake mikwaruzo, sauti za kukatikakatika kama redio ya betri chovu. Ndani kabisa, wimbo wa doluka, ngoma ya Wanubi, ambao Sofia huuimba chinichini akiosha vyombo. Penye mkwaruzo mmoja, Adrisi, baba yake Swabrah, akasema, “Asa-lam-aleko.”

Sofia akaitikia, akaendelea kutoa mawe.

Adrisi alikuwa akihudumia tangi la rangi pale kiwandani. Asubuhi moja aliingia zamu, hakutoka. Kesho yake tangi likamiminiwa zege, na meneja akatangaza kwamba Adrisi ametoroka kazi. Wenzake waliangalia viatu vyao. Basi Sofia akawa si mke, si mjane. Mjane ana heshima yake, jamani: hukaa eda, watu wakaja kukaa naye, hitima ikasomwa, karama, chakula cha sadaka, ikapikwa. Mke wa mtoro ana nini? Masengenyo tu. “Amefuata mwanamke Busia,” walisema majirani, na midomo haikuwauma. Sofia hakutaka kingine duniani ila kukaa eda ya mumewe.

“Sasa yumo kwenye muziki,” Swabrah alimwambia. “Hawatakataa tena kwamba alifia kiwandani.”

Akaipeleka kazi Mbale, kwa Masaba, aliyekodi chumba Namakwekwe na kukigeuza studio. Masaba alisafisha sauti, akakunja uso.

“Dada, mimi nakata huyu mzee, anarudi.”

“Mwache. Ni baba.”

“Aa. Mulembe, mzee,” Masaba akaisalimia kompyuta kwa lugha ya kwao, akapunguza besi ili mzee asibanwe.

Albamu ilizinduliwa uani hapohapo, Sofia naye akiwapo, kwa spika za kukodi. Katika wimbo wa mwisho, ulio mrefu kuliko zote, Adrisi alieleza kwa vipande vipande: mfuniko ulikuwa umeoza, aliteleza, mashine hazikuzimwa, na zege walimmwagia yeye akiwa humo. Watu wa boda walivua helmeti. Mwanamke mmoja muuza ndizi alimpa Swabrah pole, akauliza wimbo huo unapatikanaje kwenye simu.

Waliporudi Jinja, Swabrah na mama yake walimchukua Shehe Muhammed wa msikiti wao wakaenda naye kwa meneja. Meneja alisikiliza ule wimbo mpaka mwisho, akitikisa kichwa taratibu. Akasema muziki ni mzuri, unatuliza. Kisha akainamia spika.

“Bwana Adrisi, hujambo?”

“Si-jambo, bwana,” Adrisi akajibu.

“Mmesikia wenyewe. Mtu mzima kabisa. Mwambieni arudi kazini, nitamsamehe.”

Swabrah alipiga kelele mpaka askari wa getini akaitwa. Shehe alimngoja Sofia nje, ameinamisha kichwa.

“Sofia, dada yangu, nami ninaumia. Lakini mume anayeitikia salamu, mkewe nitamwambiaje akae eda? Akinyamaza, njoo.”

Nyumbani Sofia aliifungua kompyuta kwa hasira.

“Adrisi, we mtu gani? Umelala kwenye zege, mtu anakuuliza hujambo, unasema sijambo!”

“Ndivyo ni-livyo-lelewa.”

Sofia akacheka. Maskini, alicheka vizuri, kisha kicheko kikageuka kilio na Swabrah akamshika mabega.

“Niki-nyamaza,” Adrisi akauliza, “uta-pata eda yako?”

“Shehe amesema.”

Swabrah alijua pa kubonyeza. Angeifuta ile mikwaruzo kila ilipo, baba angenyamaza, na mama yake angevaa nyeupe kama wajane wengine. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Nje walipita wanawake wakitoka sokoni. Mmoja alisema, bila kupunguza sauti, hapo ndipo kwa mke wa mtoro.

Sofia alikitazama kidole cha bintiye.

“Toa mkono, mwanangu.”

Akavuta kigoda karibu na spika, akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

“Haya, Baba Swabrah. Umeshindaje?”

“Salama,” Adrisi akajibu.