Mkate wa Kurudi Nyumbani

Ergash, mpishi wa pilau za harusi mjini Samarkand, alikwenda hospitali kwa ajili ya mgongo akarudi na habari za tumbo. Mshipa wake mkuu wa damu ulikuwa umevimba, na ukipasuka hakuna wa kumuwahi. Tangu siku hiyo alitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Alikohoa kwa adabu, chafya alizimeza. Alikuwa anaogopa kufa, na hakuona haya kusema.

Asubuhi ya upasuaji, wodini, mkewe Muqaddas alifungua shali akatoa mkate wa duara. Kwao anayesafiri huung'ata mkate, kisha mkate huo hutundikwa ukutani umsubiri arudi aumalize. Binti yao Feruza aling'ata akienda kusoma mbali, na alirudi.

"Ng'ata, baba Feruza."

"Daktari kasema nisile."

"Kwani nani kakwambia ule? Nimekwambia ung'ate!"

Hoja ikamwingia. Aling'ata, na kwa njaa aliyokuwa nayo akameza. Akang'ata tena, ili arudi kwa uhakika.

Daktari Nodira, mpasuaji, alimwinamia.

"Mzee wangu, hizo chembe kwenye masharubu ni za nini?"

"Nauli ya kurudi, mwanangu."

"Mnataka kuniua mimi au kujiua wenyewe? Mgonjwa akitapika kwenye usingizi wa dawa, chakula kinaingia mapafuni! Tunaahirisha mpaka kesho. Na mshipa ukipasuka leo?"

Siku nzima Ergash alilala chali, akiubembeleza mshipa wake kama mkwe aliyenuna. Muqaddas alikaa kando akilia kimya kimya, na kimya cha mwanamke yule kilimtisha kuliko ugonjwa.

Kesho yake machela ya Ergash ilipofika mlango wa chumba cha upasuaji, Muqaddas alikingama njiani na mkate mwingine. Ergash akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Sikupi wewe, mlafi!" Akamgeukia Nodira. "Mwanangu, umekula?"

"Nimekunywa chai tu, mama."

"Basi ng'ata wewe. Huyu atakuwa amelala, njia haioni. Wewe ndiye wa kurudi naye."

Wauguzi wakatazama chini. Nodira alikunja uso, akaitazama saa, kisha akashusha barakoa. Aling'ata pande zima, akatafuna taratibu mbele yao, akameza.

"Utundike, mama," alisema akimrudishia mkate. "Nakuja kuumalizia."