Mzee Erasmo Kwenye Bango

Mansuetus alikuwa mchoraji wa kujitegemea. Maana yake, magazeti na majarida ya Dar es Salaam yalimtafuta yalipomhitaji, na yasipomhitaji alijitegemea kwelikweli. Alipanga chumba kimoja Mbinga mjini, nyuma ya duka la pembejeo, chenye meza, tableti iliyopasuka pembeni na dirisha linalotazama ukuta. Humo alichora vigogo wenye matumbo na wasio na majina, mbu waliovaa makoti ya daktari, bei za mbolea zikipanda ngazi, na kila makala ambayo mwandishi wake mwenyewe hakujua inahusu nini. Mhariri akituma habari saa nne asubuhi, picha inatakiwa saa nane kamili, kufa kupona. Picha ikifika saa nane, mhariri anaifungua kesho yake.

Maisha hayo aliyazoea. Kilichomkosesha raha kilikuwa kimoja tu: alitaka kumwoa Lidia, mwalimu wa chekechea pale mjini, na Lidia alishamwambia wazi kwamba bila ndiyo ya wazazi wake wote wawili hakuna ndoa. Na baba yake Lidia alikuwa Mzee Erasmo wa Litembo.

Mara ya kwanza Mansuetus alipopanda Litembo kupeleka posa, alikwenda na mjomba wake Tarsisi, ndiye mshenga. Walikaribishwa vizuri, wakapewa viti vyenye vitambaa, wakanywa togwa. Kisha Mzee Erasmo akauliza, "Huyu kijana anafanya kazi gani?"

"Anachora," Tarsisi akajibu.

"Anachora, nimesikia. Akishamaliza kuchora anakwenda kazini wapi?"

"Mzee, kuchora ndiyo kazi yenyewe," Mansuetus akasema kwa adabu. "Mtu akiandika makala gazetini, mimi naitengenezea picha yake."

"Kwani maneno yake hayatoshi?"

Tarsisi akakohoa. Mzee Erasmo akavua kofia yake ya kahawia, ile aliyoivaa kanisani, shambani na kwenye mikutano ya chama cha kahawa, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Sijakataa," akasema. "Lakini binti yangu siwezi kumpa mtu ambaye kazi yake siioni. Siku nitakapoiona kwa macho yangu, tutaongea." Mama Gertrude, mkewe, alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Hakuulizwa kitu, akarudi jikoni.

Basi Mansuetus akateremka mjini kichwa chini. Na kwa bahati ambayo aliiona ni njema, wiki hiyohiyo akapigiwa simu na Praygod, mhariri wa jarida moja la kilimo la Dar. Praygod alikuwa mtu wa haraka, mwenye kuita kila mtu kaka, na hakuwahi kuukanyaga mkoa wa Ruvuma. "Kaka, wewe si Mmatengo? Tuna makala ya kilimo chenu cha ngoro. Mfadhili anataka mchoro mkubwa, mume na mke shambani. Ijumaa ya wiki ijayo saa sita mchana niwe nao."

Mansuetus nusura aruke juu. Kesho yake alikuwa Litembo, mbele ya Mzee Erasmo, na daftari la rasimu mkononi. "Mzee, jarida la Dar linataka picha ya wakulima wa ngoro. Ningependa nikuchore wewe."

Mzee Erasmo alijifanya kusitasita kwa muda mfupi sana. Kisha akaenda kubadilisha shati.

Ngoro kila mtu wa huku anaijua, na asiyeijua anatakiwa kuelezwa, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Milima ya Umatengo imesimama wima, na mvua ikiachiwa itaukokota udongo wote hadi bondeni. Kwa hiyo mwishoni mwa masika mwanamume anafyeka nyasi kwa nyengo, panga lililopinda ncha, anaziacha zikauke, halafu anazipanga chini kwa mistari inayokatana, mpaka mlima mzima unajaa miraba. Hapo kazi yake imekwisha, anakung'uta mikono na kwenda kuzungumza na wanaume wenzake. Mwanamke anaingia na jembe. Katikati ya kila mraba anachimba, anafukia nyasi kwa udongo ule, mpaka yabaki matuta pembeni na shimo katikati, shimo baada ya shimo, mamia yake. Juu ya matuta anapanda maharage. Ndivyo ilivyo tangu enzi. Mwanamume mwenye akili timamu na mke hai hafukii ngoro.

Mansuetus alichora kama ilivyo. Mzee Erasmo alisimama saa mbili na nyengo, kofia kichwani, kidevu juu, akipanga nyasi mstari mmoja uleule mara tisa ili achorwe vizuri. Nyuma yake Mama Gertrude aliendelea kufukia, maana siku ilikuwa inakwenda, na hakuna aliyemwambia asimame achorwe. Jumapili yake Mzee Erasmo akaitangazia jumuiya nzima kwamba karibuni atatoka kwenye jarida. "Mkwe wangu ananishughulikia," akasema. Mkwe! Lidia aliposikia neno hilo alimpigia Mansuetus simu akicheka kwa furaha.

Rasimu ikatumwa Dar siku ya Jumatatu, na marekebisho yakaanza.

"Kaka, mlima umesimama mno," Praygod akaandika. "Msomaji atadhani umekosea. Ulaze kidogo." Mansuetus akaulaza mlima. "Haya mashimo yanafanana na makaburi, changamsha." Akachangamsha. "Haionekani kama ni Tanzania. Weka mnazi." Mansuetus aliutazama ujumbe huo muda mrefu. Litembo kuna baridi ya kutosha kumfanya mtu alale na soksi, na mnazi wa karibu anaoujua yeye ulikuwa kwenye kalenda. Akaweka mnazi. "Wavae viatu." Akawavisha. "Watabasamu." Akawatabasamisha, na Mama Gertrude, ambaye hajawahi kutabasamu akiwa ameinama, akatokea na meno thelathini na mbili.

Ijumaa saa nne, zikiwa zimebaki saa mbili, ukaja ujumbe wa mwisho. "Kaka, mfadhili ameupenda sana. Kitu kimoja tu: usawa wa jinsia. Mama anateseka huku baba amebeba kanyasi. Mpe mama nyasi, baba ashike jembe. Ukichelewa tunatumia picha ya trekta."

Mansuetus akapiga simu. Akaeleza ngoro, akaeleza mila, akaeleza nani anafanya nini. Praygod akasikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayekula chapati. "Kaka, hiyo safi kabisa, siku moja tuiandikie makala. Ila mchoro badilisha."

Hapo angeweza kufuta sura ya Mzee Erasmo na kuchora mtu yeyote asiye na ukoo. Alifikiri hivyo, tena alifikiri vizuri. Lakini bila sura hiyo mzee angeona nini? Kazi yake ingethibitishwa na nani? Na hata hivyo, akajidanganya, nani Litembo anasoma jarida la Dar? Atampelekea mzee nakala moja, atamweleza taratibu, mzee ataitazama kofia na kusahau jembe. Basi jambo lililoshindikana Umatengo kwa vizazi na vizazi, Mansuetus akalifanya kwenye tableti kwa vidole viwili: jembe likahama, nyasi zikahama. Saa sita kasoro dakika nne akatuma. "Imekaa poa," Praygod akajibu.

Mfadhili naye ikamkaa poa kupita kiasi. Hakuishia kwenye jarida. Aliukuza mchoro ukawa bango la kimo cha mlango, akaweka nembo tatu chini yake, akalisambaza kata kwa kata. Mansuetus alipata habari kutoka kwa Tarsisi, aliyekuwa akipiga kelele simuni kama nyumba inaungua. "Wewe mtoto! Umemfanya nini mzee wa watu?"

Bango lilikuwa limebandikwa ofisi ya kata na kwenye ghala la chama cha kahawa. Mzee Erasmo, hapana shaka, kofia ileile, masikio yaleyale, ameinama chini ya mnazi akifukia ngoro, meno nje. Nyuma yake mkewe ameshika nyasi chache kana kwamba anakwenda kwenye harusi. Na kwa kuwa lilikuwa na nembo, watu walilichukua kuwa ni agizo. Nani aliwahi kuona nembo tatu zikiwekwa kwenye utani? Bwana shamba wa kata, ambaye naye hakuelezwa chochote, aliogopa kuonekana hajui, akalifundisha kama lilivyo: akina baba, jembe ni lenu. Wanaume wakamjia juu, si yeye, bali Mzee Erasmo, kwa kuwa ndiye aliyewauza.

"Shikamoo, mzee. Mama amepata likizo?" vijana wa bodaboda walimwuliza. Kwenye chama walimwuliza kama anafukia kwa mkono wa kulia au wa kushoto. Mzee akaacha kwenda chama. Jumapili akahamia kusali kigango cha mbali, na huko nako kulikuwa na bango.

Jumamosi akamwita Mansuetus na mshenga wake. Safari hii viti havikuwa na vitambaa.

"Nilisema nataka kuiona kazi yako," Mzee Erasmo akasema. "Nimeiona. Wilaya nzima imeiona. Nimekaa na heshima yangu miaka sitini na nane, wewe umeimaliza kwa kalamu. Posa yenu hiyo hapo mezani, ichukueni."

Mansuetus alieleza habari za Praygod, za mfadhili, za saa sita. Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila kilipotoka mdomoni kilizidi kuwa kipuuzi. Mwishowe akaacha. "Mzee, nilikuwa na nafasi ya kuitoa sura yako, sikuitoa," akasema. "Nilitaka unikubali. Nimekuaibisha, naomba unisamehe." Lidia, aliyekaa mkekani karibu na mlango, alikuwa analia bila kujificha. Tarsisi akanyoosha mkono kuichukua bahasha ya posa.

"Iache hapo," Mama Gertrude akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni, safari hii bila sinia. Wote wakageuka. Katika vikao vya posa Mama Gertrude hakuwahi kusema zaidi ya karibuni chakula.

"Watu wanakucheka kwa nini, Baba Lidia?" akauliza.

"Si unajua! Nimechorwa nafanya kazi ya…" Akasita.

"Maliza."

Mzee akavua kofia, akaanza kuipangusa.

"Miaka arobaini na moja nafukia ngoro zako," Mama Gertrude akasema. Hakupandisha sauti. "Nimezifukia na mimba, nimezifukia na huyu Lidia mgongoni. Hakuna aliyewahi kusimama njiani akacheka, wala kunipa pole. Nilipokuwa mimi haikuwa aibu. Umewekwa wewe siku moja, tena kwenye karatasi tu, umehama hadi kanisa. Ndiyo ya wazazi wawili, si ndivyo mlivyosema? Yangu nimeitoa. Yako utaitolea shambani. Jumatatu twende wote, na huyu mchoraji aje."

Jumatatu kulikuwa na ukungu hadi saa tatu. Nyasi zilikuwa zimepangwa tayari, kazi safi kabisa, mistari imenyooka kama ya daftari, maana kwenye kupanga nyasi Mzee Erasmo hakuwa na mpinzani. Mama Gertrude akawapa majembe mawili, akafukia mraba mmoja ili waone, kisha akawasogezea miraba.

Mansuetus, aliyechora ngoro mamia, alishangaa kugundua kwamba hajui hata aanze kuchimba upande gani. Udongo wake uliporomoka ukarudi shimoni. Ngoro yake ya tatu ikapata sura, malengelenge yakapasuka kwenye ya sita. Mzee Erasmo hakuwa na hali bora, ila alikuwa na kiburi, na kiburi kilimvusha mpaka ya kumi. Wapita njia wawili wakasimama, wakafungua midomo kucheka, wakamwona Mama Gertrude anawatazama, wakaendelea na safari.

Kwenye ya kumi na moja Mzee Erasmo akajaribu kunyooka, kiuno kikagoma. Akabaki ameegemea mpini, nusu ameinama, akihema, na kwa kuwa hakuweza kutazama pengine, akatazama mlima. Matuta ya mwaka huu, ya mwaka jana upande wa pili, na ya miaka mingine mpaka kule juu ilikoanzia migomba, yote yakiwa na mashimo yake katikati. Midomo yake ikaanza kuhesabu. Akafika mahali akaacha.

Mama Gertrude alikuwa ameshachoka kuwasubiri. Alichukua jembe la tatu na kuanza mstari wa chini.

"Gertrude," mzee akaita. Jina hilo Mansuetus hakuwahi kulisikia likitoka mdomoni mwake. Siku zote ilikuwa Mama Lidia. "Acha hiyo. Kaa."

"Nikae nifanye nini?"

"Kaa tu." Kisha akamgeukia Mansuetus kwa ukali. "Na wewe mkwe, nani kakwambia tumepumzika? Mstari ule wa mama yako, ingia."

Mansuetus akaingia, mikono inawaka moto, machozi yanamlenga, na hakujali nani anayaona.

Mama Gertrude aliweka jembe chini. Akasimama kidogo, akashusha kanga kiunoni, akaikaza tena. Akatafuta mahali pa kukaa katika shamba alilolilima miaka arobaini na moja, na ilikuwa wazi hapajui. Mwishowe akakaa ukingoni mwa ngoro moja, mikono magotini, mgongo umenyooka, jicho kwenye jembe, kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo na ataitwa sasa hivi.