Mbegu ya Mtindi Haichemshwi

Usiku wa jana niliota sufuria ya maziwa ikinisomea mashtaka.

Nilikuwa jikoni kwangu, Njombe, adhuhuri ya Julai, baridi ikiwa ile ile ya kila mwaka. Sufuria ilikuwa imekaa juu ya kigoda. Ikakohoa mvuke, ikasema: "Leokadia Mgaya, mwalimu wa kemia, unashtakiwa kwa kumlisha baba yako vijidudu."

"Ni kweli," nikasema. "Namlisha kila siku."

"Amekiri!" likadakia jiko la gesi. "Mmemsikia wenyewe!"

Jiko lilikuwa limefunga kilemba cha njano cha wifi yangu Semeni, na sauti ilikuwa yake pia. Sikushangaa. Jioni, kabla sijalala, Semeni wa kweli alisimama hapo hapo na kiberiti mkononi, akitaka kuichemsha mbegu. Mbegu ni mtindi kidogo unaobakizwa ili ugandishe maziwa mapya, nasi tulikuwa tumebakiwa na kijiko kimoja. Mtindi wa duka la mtaani kwetu hupashwa moto ukishaganda. Hauna kilicho hai ndani, haugandishi chochote.

Nilisubiri maziwa niliyoyachemsha yapoe mpaka kidole kivumilie ndani yake hesabu ya moja hadi kumi, nikakoroga mbegu humo mbele ya macho yake, nikafunika sufuria, nikaizungushia blanketi na kulifunga kwa kamba. Tukakubaliana: yasipoganda kufikia asubuhi, atayachemsha apikie uji. Mbegu itakufa, na baba atarudi kwenye chai ya rangi. Baba yangu, Mzee Eliuteri, ametoka hospitali akiwa mwepesi kuliko koti lake. Maziwa ya kawaida yanamvimbisha tumbo. Mtindi anamaliza bakuli, kisha anaangalia ndani kama kuna mwingine.

Haya yote niliyaeleza. Nilipomaliza, hatukuwa tena jikoni. Tulikuwa ndani ya josho kuukuu la ng'ombe, limekauka, na watu wamejaa kingoni wakila mahindi ya kuchoma. Jaji alikuwa chupa ya chai.

"Mimi huwa siongezi moto wala sipunguzi," ikasema Chupa. "Natunza nilichopewa. Wakili wa mshtakiwa yuko wapi?"

Upawa ukanisogelea ukaninong'oneza sikioni. "Mwalimu, kesi hii nyepesi. Waambie mtindi unatibu kisukari, presha na upara. Watu wanapenda upara."

"Hautibu."

"Nani kakuuliza kama unatibu? Nimesema waambie."

"Una protini na madini ya mifupa," nikasema kwa sauti, ili wote wasikie. "Na vijidudu vyake vimeshakula sehemu kubwa ya sukari ya maziwa, ndiyo maana hauwasumbui sana wenye matumbo kama la baba. Zaidi ya hapo sisemi."

Watu wa kingoni wakazomea. Mzee mmoja mwenye upara akainuka, akaondoka kwa hasira.

"Wifi, wifi," likasema jiko, likitikisa kilemba. "Elimu yote hiyo, halafu unatetea wadudu! Kitu kisichochemka ni kichafu. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Maziwa mabichi huchemshwa, na haya niliyachemsha. Mbegu haichemshwi. Ukiichemsha unabaki na kitu cheupe kilichokufa."

"Mahakama itakwenda kuona yenyewe," ikasema Chupa.

Tunaingia tumboni kwa baba. Ni pana, lina mwangaza wa waridi, na limeandikwa ukutani: FUTA MIGUU. Upande mmoja sukari za maziwa zimekaa kwenye mabenchi. Hazijaguswa na mtu, na kwa kukosa kazi zinapuliza mipira. Kila mpira ukijaa, ukuta unasukumwa, na kwa mbali namsikia baba akiguna.

"Mnapuliza kwa nini?" nauliza.

"Tufanye nini sasa, mwalimu?" inajibu moja. "Hakuna anayetuhitaji huku."

Upande wa pili vijidudu vya mtindi vinafagia. Vimechafuka, vina njaa, na havina muda wa mazungumzo. Kimoja kinachukua sukari kutoka kwenye benchi, kinaila na mpira wake, kinafuta mdomo.

"Hao ndio washtakiwa wenzangu," nasema.

Chupa ya Chai inainama, inahesabu mipira iliyobaki. "Jitihada nzuri," inasema. "Lakini sheria ya maziwa ni kidole. Ulidai kwamba uliweka mbegu maziwa yakiwa na joto linalovumilika kwa kidole ukihesabu mpaka kumi. Rudia. Ukishindwa, jiko lifanye kazi yake."

Tuko kwenye uwanja wa gwaride, shuleni kwangu. Sufuria iko mbele ya mlingoti. Namba zimepanga mstari, zimevaa sare. Nachomeka kidole cha shahada kwenye maziwa na kuanza kuita.

"Moja!"

"Nipo, mwalimu."

"Mbili!"

"Nipo."

Joto lilikuwa kali lakini halikuwa la kuunguza. Tukaenda vizuri mpaka sita.

"Saba!"

Kwenye mstari kulikuwa na pengo.

"Saba hayupo," akasema Sita. "Amekwenda msibani Makambako."

"Anarudi lini?"

"Hakusema. Alichukua blanketi."

Jiko likacheka mpaka moto ukatoka pembeni. "Ruka, wifi! Sema nane, umalizie. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Kidole chako hicho!"

"Ni changu kweli. Siruki namba."

Upawa ukajiziba macho. Nane, Tisa na Kumi wakaanza kupiga miayo. Watu walikuwa wamehama josho na kukaa juu ya uzio, na sasa walikuwa wanaacha kutafuna mmoja mmoja. Nikamsubiri Saba, kidole bado ndani ya maziwa. Nilihisi maziwa yakibadilika kuzunguka kidole, kwanza kama sabuni, kisha kama udongo mfinyanzi.

"Asitikisike mtu!" ikaagiza Sufuria. "Naganda!"

Maziwa yanayoganda hayatikiswi, na sheria hiyo ikawashika wote. Bendera ikakwama katikati ya upepo. Jiko likabaki mdomo wazi, neno likining'inia. Ndipo nikamwona Saba akija mbio kutoka barabarani na blanketi lake begani. Alipofika getini akaganda, mguu mmoja hewani.

"Nipo, mwalimu," akasema bila kutikisa midomo.

"Nane," nikasema. "Tisa. Kumi."

Nikaamka.

Nilikwenda jikoni moja kwa moja. Semeni alikuwa amefika kabla yangu, kiberiti mkononi, jiko tayari.

"Haya mwalimu, fungua tuone. Maana na baridi hii..."

Blanketi lilikuwa vile vile, na fundo la kamba ni lile nililolifunga mwenyewe. Nikalifungua, nikainua mfuniko. Maziwa yalikuwa yameganda, laini, meupe, bila ufa. Katikati kulikuwa na tundu moja dogo, la kina cha kiungo cha kidole, limejaa maji ya mtindi.

Semeni aliinama. "Nani katia kidole humu?"

Nikatazama kidole changu cha shahada. Kilikuwa kimekunjamana, kama cha mtu aliyefua tangu alfajiri, na kuzunguka kiungo kulikuwa na mstari mweupe uliokauka.

"Wifi, nakuuliza. Fundo sikuligusa mimi."

Sina maelezo, na sisemi nisichoweza kuthibitisha. Nilichota kijiko cha kwanza pembeni mwa tundu, nikakitia kwenye kikombe cha mbegu, nikakifunika. Kisha nikamnyooshea Semeni mkono, anipe kiberiti.