Pangaboi la Murangi

Saa moja asubuhi nesi Hyasinta alitoka chumbani kwa shemeji yangu Tereza, akanawa mikono kwenye karai, akamwambia kaka yangu Masatu bila kumzungusha: mtoto amekaa vibaya tumboni, hatatoka bila mama kupasuliwa, na wa kupasua yuko Musoma mjini.

"Saa nne wanafungua redio," alisema. "Niwaite walete gari. Likiwahi kutoka, mchana huu yuko mezani kwa daktari."

Kaka alitoka uani akatazama juu, nami nikatazama. Kwenye mnara wa miti ya mikaratusi, nyuma ya nyumba, pangaboi lilikuwa limesimama kana kwamba limepigiliwa misumari. Hata jani la mgomba halikutikisika.

Nyumba ile haikuwa ya kwetu. Aliijenga Bruda mmoja wa misheni, na pangaboi alilitengeneza yeye mwenyewe: mapanga matatu ya mbao, marefu kuliko mtu, kingo zake zimevikwa bati, mnyororo wa baiskeli, na dainamo ya lori aliyoisuka upya kwa waya mwembamba ili ichaji hata kwa mwendo wa polepole. Upepo wa ziwa ukivuma, betri inajaa. Betri inawasha taa tatu za nyumba, na inaendesha redio ya mawasiliano iliyokuwa sebuleni, ambayo ndiyo njia pekee zahanati ya Murangi iliyokuwa nayo ya kuongea na hospitali mjini. Bruda aliporudi kwao alimwachia kaka funguo kwa sharti moja. Redio kwanza, taa baadaye.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na tatu. Mafuta ya taa kwa kibali, sabuni kwa foleni, chumvi kwa kujuana. Jua likizama Murangi yote ilikuwa inazama nalo, isipokuwa dirisha la kaka yangu. Watu wakamwita Bwana Umeme. Mwanzoni alikuwa anacheka. Baadaye akawa anaitika.

Siku tatu kabla ya asubuhi ile, Boniphace, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuja jioni kofia ikiwa mkononi. Baba yake alikuwa amefariki, wageni walikuwa wanatoka Bunda na Manyamanyama, na kwake palikuwa na koroboi mbili zisizo na mafuta.

"Masatu, ndugu yangu, sikuja kuomba sukari," alisema. "Naomba taa. Mzee wangu alazwe gizani kama kuku?"

"Betri ni ya redio," kaka alisema, lakini alisema huku anatabasamu.

"Redio inaongeaga usiku?"

Hyasinta alikuwa amekuja kumpima Tereza. Akasimama mlangoni. "Shemeji, mke wako ni wa wiki hii. Iache betri ilipo."

"Upepo wa saa saba unairudisha yote, Sista. Siku mbili tu."

"Mtoto hasubirigi siku mbili."

Mama Wankyo, mama yake Tereza, alikuwa amekuja kutoka Butiama kumngojea mjukuu. Alikuwa ameketi nyuma ya pazia, kwa kuwa hakuwa wa kukaa uso kwa uso na mume wa bintiye, na alipotaka kumwambia neno alikuwa anauambia ukuta. Akauambia: "Mwambieni mkwe wangu, akimkatalia huyu leo, siku ya msiba wetu tutachimba kaburi peke yetu."

Kaka akanitazama. "Thadeo, fungua waya."

Nilifungua. Betri niliifunga mimi kwenye baiskeli, na hadi nafika kwa Boniphace asidi ilikuwa imekwishatoboa fulana yangu. Nasema haya ili mtu asidhani namsimulia kaka peke yake. Niliipeleka, nikaning'iniza taa kwenye turubai, watu wakasema "aah," nami nikasimama chini ya ile taa kifua mbele kama vile nimeizaa. Usiku wa kwanza ziliwaka taa mbili. Usiku wa pili wageni wengine wakaongezeka, na vijana wa kwaya wakaunganisha redio kaseti. Usiku wa tatu taa zikawa nyekundu kama makaa, kisha zikazimika. Niliirudisha betri alfajiri ileile, na nilipofika uani nikamsikia shemeji anapiga kelele ndani.

Basi tulisimama kwenye ua, kaka na mimi, saa moja asubuhi, ziwa limelala kimya, na upepo ambao sisi wote tunaujua hauji kabla ya saa saba.

Kaka alivua shati. Akavua viatu. Akashika mti wa mnara.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Kulizungusha."

"Mkwe yuko hapa chini." Maana Mama Wankyo alikuwa ametoka nje kuchota maji, na mtu hapandi juu ya kichwa cha mama mkwe akiwa kifua wazi. Hata mlevi hafanyi hivyo kwetu.

"Afumbe macho," kaka akasema, akapanda.

Mama Wankyo hakufumba. Aliweka ndoo chini, akamtazama mkwewe kwa mara ya kwanza toka siku ya ndoa, akarudi ndani kwa bintiye.

Nilimfuata juu. Palikuwa na ubao wa kusimama watu wawili. Yeye alivuta panga kwenda chini, mimi nikalidaka lililofuata, yeye tena, mimi tena. Mnyororo ukalia. Bruda alikuwa amelitengeneza lizungushwe na kitu kisichochoka. Kwa mikono lilikuwa zito kama jiwe la kusagia, na kila tukilegea kidogo lilisimama.

Chini Hyasinta alikaa dirishani akisoma mshale wa mita ya betri. Alihitaji ufike kumi na moja na nusu, la sivyo redio ingepokea lakini isingetuma.

"Tisa," akasema.

Watu walianza kukusanyika. Hawakuwa wanajua. Dorkas, jirani yetu, alipita na kikapu cha dagaa akainua uso. "Bwana Umeme, unakamua ng'ombe gani huko juu?" Watu wakacheka. "Mwachie ndama kidogo." Kisha Tereza akalia ndani, sauti ndefu, na Dorkas akatua kikapu, akafunga kanga kiunoni, akaingia chumbani kwa Tereza bila hodi.

"Kumi," akasema Hyasinta.

Saa mbili na nusu viganja vya kaka vilikuwa vimepasuka. Bati la kwenye kingo lilikuwa limefumuka mahali fulani, na kila mzunguko liliramba nyama. Nilimwambia tufunge matambara. Akasema tukisimama kufunga matambara mshale utarudi. Tukaendelea, na mapanga yakawa mekundu upande mmoja, na nilipolidaka panga liliniteleza.

Kisha mnara ukatikisika, nikaona kofia ya Boniphace inapanda. Alikuwa hajalala siku tatu, macho yake mekundu, mavumbi ya kaburi la baba yake yangali kwenye suruali. Nilitaka kumpiga teke la kichwa. Naapa nilitaka, na mguu niliuinua. Yeye alisema tu, "Shuka, Thadeo, upumzike," akachukua nafasi yangu, akalishika panga pale palipokuwa na damu. Hakuomba msamaha wala kaka hakumtazama. Walivuta pamoja kama watu wawili wanaovuta wavu.

Nilishuka nikakaa karibu na Hyasinta.

"Kumi na moja," alisema. Ilikuwa saa nne kasoro robo.

Ilipofika saa nne kamili mshale ulikuwa umegusa alipotaka. Akawasha redio. Taa yake ndogo ya kijani ikawaka. Akashika kipaza sauti.

"Musoma, Musoma, hapa Murangi. Mnanipata? Ova."

Mkwaruzo. Kisha sauti ya mwanamume, safi kama yuko chumba cha pili: "Murangi, nakupata vizuri sana. Habari za asubuhi. Ova."

Hyasinta hakupoteza maneno. Alisema mimba ya kwanza, uchungu toka usiku wa manane, mtoto amekingama, mapigo ya moyo wa mtoto yanapungua, tunaomba gari sasa hivi. Ova.

"Nimekuelewa, Murangi. Gari lipo, dereva yupo. Petroli hakuna toka Jumatatu. Kibali kiko mkoani, tunasubiri sahihi. Jaribuni kutuita tena kesho saa nne. Ova."

Hyasinta alibonyeza kitufe, akasema: "Kesho hatakuwepo. Ova."

Sauti ilianza kujibu. Taa ya kijani ikafifia, ikazimika.

Juu, kaka alikuwa bado anavuta. Alikuwa hajui, mnyororo ulikuwa unalia masikioni mwake. Akainama, uso umejaa jasho, akapaza sauti: "Wamesikia?"

Hyasinta akanitazama mimi.

"Wamesikia," nilisema. "Wamesikia vizuri."

Kaka akacheka. Nimemjua maisha yangu yote na sikuwahi kumwona akicheka vile. Akampiga Boniphace begani kwa kile kiganja kilichopasuka, akaacha alama kwenye shati lake. Nikapanda mnara. Nilipanda polepole kuliko nilivyohitaji, mti kwa mti, na nilipofika juu nikamwambia mengine.

Tulimbeba Tereza kwa kitanda, watu wanane kwa kupokezana, kuelekea Musoma kwa miguu. Boniphace alishika mguu wa mbele wa kulia na hakumpa mtu. Hyasinta alitembea pembeni ameshika mkono wa mgonjwa, Mama Wankyo nyuma. Jua likapanda. Saa saba upepo wa ziwa ukaja kwa nguvu, ukapeperusha shuka, Hyasinta akawa analishika kwa mkono mmoja. Hatukufika mto Suguti. Saa tisa alituambia tuteremshe kitanda chini. Akamfunika shemeji uso, na mtoto ambaye hatukumwona alikuwa ndani yake.

Tukageuza kitanda tukarudi.

Kesho yake asubuhi ua ulijaa watu. Kaka alikuwa ameketi chini ukutani, mikono imefungwa vitambaa hadi kwenye vifundo, anatazama vidole vya miguu yake. Saa nne kasoro kidogo Hyasinta aliniita sebuleni. Pangaboi lilikuwa limezunguka toka saa saba ya jana hadi usiku bila mtu wa kulitazama, na mshale ulikuwa kumi na tatu.

"Ni saa yao," alisema. "Lazima nitoe taarifa."

Kabla hajaita, waliita wao.

"Murangi, Murangi, hapa Musoma. Habari njema. Petroli imepatikana, lita arobaini. Gari linatoka sasa hivi. Mgonjwa awekwe tayari kando ya barabara. Ova."

"Musoma, mgonjwa alifariki jana saa tisa. Ova."

Nilikuwa nimekwishapanga la kusema. Nilikuwa nimelipanga usiku kucha, tusi moja baada ya jingine, yote yenye makali, na nikanyoosha mkono nichukue kipaza sauti.

"Poleni sana, Murangi," ile sauti ikasema. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, mtu aliyesema pole nyingi wiki ile, na pengine hata yeye watoto wake hawakuwa wamekunywa chai. Mkono wangu ukabaki hewani. "Samahani kuuliza. Je, mna mgonjwa mwingine? Gari lisije bure, petroli yenyewe ndiyo hii. Ova."

Hyasinta alifuta macho kwa kiganja. Alifikiri.

"Yupo," akasema. "Mzee Werema, mguu umeoza. Ova."

"Basi gari linakuja. Ova na mwisho."

Nilipotoka nje kaka aliinua kichwa. "Wanasemaje?"

Sikujua nianzie wapi. Nikasema, "Gari linakuja."

Alisimama. Alisimama upesi, kama mtu aliyekuwa amesinzia njiani akaamshwa. Akatazama huku na huku, akaona jembe limeegemezwa ukutani, akalichukua kwa ile mikono iliyofungwa vitambaa.

"Pale karibu na kanisa mvua imechimba barabara," alisema. "Halitapita. Twendeni tufukie, haraka, likute pamefukiwa."

Watu wakatazamana. Mama Wankyo, aliyekuwa ameketi na wanawake, akasema taratibu, safari hii akimwambia yeye mwenyewe usoni: "Baba, kaa chini."

Hakusikia. Alikuwa amekwishafika barabarani, anakimbia, anatuita kwa majina mmoja mmoja.